Kukata bima ya glaida yako: anza na thamani, usianze na ada

Bawa la kushoto ndilo lililoshika ngano kwanza. Nilikuwa nimechagua shamba zuri, limeshavunwa, ila nilitua karibu mno na ukingo ambako mkulima alikuwa ameacha ukanda mwembamba haujakatwa. Glaida, yaani ndege isiyo na injini, ikageuka ghafla, kama mtu aliyeshikwa mkono akiwa anakimbia. Mkia ukabamiza ardhi kwa ubavu, kisha kimya. Mimi sikuchubuka hata kidogo. Glaida yetu, aina ya Standard Cirrus, tuliyoimiliki watu watatu, ilikuwa na ufa nyuma ya mabawa, pale kiwiliwili kinapoanza kuwa chembamba kuelekea mkiani.

Wiki iliyofuata akaja mtathmini wa hasara. Alipiga magoti kando ya tela la kubebea glaida, akatoa sarafu mfukoni na kuanza kugongagonga faiba, zile nyuzi za kioo zilizoundia kiwiliwili, taratibu, inchi kwa inchi. Penye uzima sarafu inalia kavu: ti, ti, ti. Penye matabaka yaliyoachana inatoa sauti butu, kama unagonga boksi la karatasi. Kila sauti ilipobadilika aliweka alama ya penseli, na alama zile zilifika mbali kuliko ufa tuliouona kwa macho.

Fundi akakadiria matengenezo kuwa pauni 7,400. Sisi tulikuwa tumeikatia glaida bima kwa thamani ya pauni 8,000, ingawa sokoni zilizofanana nayo zilikuwa zinauzwa karibu 13,000. Tuliandika 8,000 kwa sababu ada ya bima ilipungua. Kampuni ikaona matengenezo yanakaribia thamani yote iliyoandikwa, ikatulipa 8,000 kasoro 500, sehemu ya hasara tuliyokubali kujibebea wenyewe, na glaida ikawa mali yao. Tukagawana 2,500 kila mmoja. Mtu mwingine aliinunua kama mabaki, akaitengeneza, na kiangazi kilichofuata niliiona ikizunguka juu ya klabu ya jirani, nyeupe na nzima kabisa.

Kampuni haikutuonea. Namba tuliiandika wenyewe. Nimeandika mwongozo huu kwa Mswahili mwenzangu anayerusha glaida huku Ulaya na anayetaka kununua ya kwake, peke yake au kwa ubia. Naandika kwa taratibu za Uingereza, maana huku ndiko ninakorukia. Aliye Ujerumani au Ufaransa atakuta mengi yanafanana, kwa kuwa kanuni mama ya bima ya ndege ina asili moja.

Kwanza, zitenganishe bima mbili kichwani

Kwetu Tanzania, ukiulizwa gari lina bima gani, jibu ni ndogo au kubwa. Glaida nayo ni hivyohivyo. Bima ndogo ni ile ya dhima kwa mtu wa tatu: umeangukia paa la mtu, umegonga ndege nyingine, umeharibu mazao, umemjeruhi aliyekuwa amesimama kando ya njia ya kurukia. Hii ni lazima kisheria. Bima kubwa inaongeza glaida yenyewe: kuvunjika, kuungua, kuibwa, kupinduliwa na upepo. Hii hakuna sheria inayokulazimisha uwe nayo, lakini kama glaida ni ya ubia, waandike wote kwamba wanaitaka au hawaitaki. Ubia mwingi huvunjika kwa jambo hili siku ya ajali.

Kuna wanaokata bima ndogo tu kwa makusudi, na si wajinga. Mwenye glaida ya mbao ya miaka mingi, aina ya Ka 6, aliyeipata kwa bei ya baiskeli nzuri na anayejua kuitengeneza kwa mikono yake, anaweza kuamua akiivunja ameivunja. Mwenye mkopo benki kwa ajili ya glaida hana uchaguzi huo.

Pili, soma uzito kwenye hati, si kwenye mzani

Kanuni ya Ulaya namba 785 ya mwaka 2004, iliyoanza kutumika Aprili 2005 na ambayo Uingereza iliendelea nayo hata baada ya kutoka Umoja wa Ulaya, inapanga kima cha chini cha dhima kwa uzito wa juu kabisa wa ndege wakati wa kuruka. Fedha inahesabiwa kwa SDR, kipimo cha Shirika la Fedha la Kimataifa kinachotokana na dola, yuro, yuan, yen na pauni. Chini ya kilo 500 unatakiwa uwe na bima isiyopungua SDR 750,000 kwa ajali moja. Kuanzia kilo 500 hadi chini ya 1,000 inakuwa SDR milioni 1.5.

Hapa watu wengi hujikwaa. Uzito unaohesabiwa ni ule ulioandikwa kwenye hati za aina ya ndege hiyo, si ule unaoruka nao wewe. Glaida aina ya LS4, ile ya mwanzo, inaishia kilo 472, kwa hiyo iko kundi la kwanza. Discus inaruhusiwa hadi kilo 525 ikiwa imejazwa maji ya kuongeza uzito kwenye mabawa, kwa hiyo iko kundi la pili, hata kama wewe hujawahi kutia tone la maji humo tangu uinunue. ASK 21 ya viti viwili ni kilo 600. Usikubali kuandikiwa kundi la kwanza kwa maelezo kwamba unaruka mwepesi.

Kama glaida ina viti viwili, kuna dhima kwa abiria pia. Kanuni imeweka SDR 250,000 kwa kila abiria, ikiziruhusu nchi kushusha hadi 100,000 kwa ndege ndogo zisizofanya biashara. Glaida ya kiti kimoja haina habari hii, na usikubali kuilipia.

Kima cha chini cha sheria ni sakafu tu. Hebu fikiria umetua shambani, bawa likavuka ua na kumwangusha mwendesha pikipiki mwenye miaka 25 asiyeweza tena kufanya kazi. Matunzo yake ya maisha yote yanaweza kuzidi kima hicho, na kinachozidi kitatafutwa kwako: nyumba yako, mshahara wako. Omba bei ya kiwango cha juu zaidi kabla hujaamua. Katika bima ya glaida, kuongeza dhima mara nyingi ni nafuu sana ukilinganisha na kuongeza thamani ya chombo. Muulize pia katibu wa klabu yako, maana klabu nyingi zina kima chao zinachokitaka kabla hujaburuzwa na winchi yao ya kurushia glaida.

Tatu, thamani

Hapa ndipo ningependa utumie jioni nzima.

Uliza kwanza kama mkataba unatumia thamani mliyokubaliana au thamani ya soko siku ya ajali. Ya kwanza maana yake, ikiharibika kabisa, unalipwa namba iliyo kwenye karatasi, kasoro sehemu yako. Ya pili maana yake, siku hiyo mtaanza kubishana glaida ilikuwa na bei gani. Chukua ya kwanza kila inapowezekana.

Kisha tafuta namba yenyewe. Pekua matangazo ya glaida za aina yako zinazouzwa, uangalie umri, saa ilizoruka, hali ya ile rangi ngumu ya juu ya faiba, kama imepasuka vijistari au imepakwa upya. Kupaka upya glaida nzima ni kazi ya mamia ya saa za mikono, ndiyo maana glaida mbili za mwaka mmoja zinaweza kupishana bei sana. Ongeza tela, maana tela zuri la kufungika lina bei ya gari dogo. Ongeza vyombo vya ndani: kompyuta ya safari, redio, FLARM ya kukuonya kuhusu ndege nyingine. Parachuti uiulizie peke yake. Kuna mikataba inayoiona kuwa sehemu ya glaida na kuna inayoiona kuwa mali yako binafsi, kama koti.

Jiulize sasa swali tulilolikosa sisi: ili uipate nyingine kama hii kesho asubuhi, ikiwa imefika mlangoni na ina cheti halali cha kuruhusiwa kuruka, utatoa shilingi ngapi? Jibu hilo ndilo la kuandika.

Kwa nini usipunguze? Kwa sababu gharama ya kutengeneza haijali umri wa glaida. Fundi anayeunga kiwiliwili cha glaida aina ya Libelle ya miaka ya 1970 anatumia saa zilezile, resini ileile na faiba ileile kama anayeunga kiwiliwili kipya cha bei mara kumi. Kwenye glaida ya zamani, uharibifu wa kawaida tu unafika haraka kwenye thamani iliyoandikwa. Ukiishusha namba, umeisogeza karibu zaidi siku ambayo chombo kinachotengenezeka kitahesabiwa kimekufa. Na kikihesabiwa kimekufa, mabaki ni ya kampuni.

Kuzidisha nako hakukusaidii. Ikivunjika kiasi, unalipwa matengenezo, si zaidi, na umelipa ada kubwa bure.

Muulize dalali wa bima maswali haya mawili na umwombe ajibu kwa maandishi: gharama zikifika sehemu gani ya thamani ndipo mnaihesabu imeharibika kabisa? Na ikifika huko, nina haki ya kuyanunua mabaki yangu kabla ya mtu mwingine? Swali la pili lingetuachia sisi Cirrus yetu.

Nne, nani ataruka

Mkataba utataja marubani kwa majina au kwa masharti, kwa mfano kila mwenye leseni na saa fulani. Kwa ubia wa watu watatu, majina yanatosha na ada huwa nafuu. Lakini siku rafiki wa klabu atakapokuomba ajaribu kidogo, jibu lako lipo kwenye karatasi, wala si kwenye urafiki. Kama hayumo, hapandi. Mwambie kwa upole kwamba utamwandikisha, kisha mwandikishe kweli.

Kila mbia aonyeshe leseni yake na kumbukumbu zake za safari. Leseni ya glaida, SPL, inataka ndani ya miezi 24 uwe na saa 5 na kurushwa mara 15, pamoja na safari 2 za mafunzo na mwalimu. Mbia aliyekwenda likizo ndefu nyumbani, akarudi na kuruka bila kutimiza hayo, anaweza kuiacha glaida yenu nyote bila bima kwa safari hiyo. Sisi sasa tunabandika tarehe hizo ndani ya mlango wa tela.

Jambo moja zaidi kwa wabia: hakikisheni mkataba unawatambua wote kuwa wamiliki, na kwamba mbia mmoja akimjeruhi mwingine uwanjani, aliyeumia anahesabiwa mtu wa tatu. Sentensi hiyo ni fupi, na isipokuwepo, dai la mwenzenu linaweza kukataliwa kwa sababu yeye naye ni mwenye bima.

Tano, glaida ikiwa haijaruka

Glaida hukaa angani saa chache kwa mwaka. Muda uliobaki iko ndani ya tela, barabarani, au uwanjani mabawa yakiwa yameunganishwa na upepo unavuma. Hasara nyingi ninazoziona klabuni hazihusiani na kuruka. Kifuniko cha kioo cha rubani kimeachwa wazi, upepo umekipiga, kimepasuka. Bawa limedondoshwa wakati wa kuunganisha. Glaida mbili zimegusana ndani ya hanga, na kila mmoja anamtazama mwenzake.

Soma basi mkataba unasemaje kuhusu kuunganisha na kufungua, kuegesha nje usiku, hanga la pamoja, na wizi wa tela lenyewe. Barabarani kuna mtego mwingine. Bima ya gari lako kwa kawaida inabeba madhara ambayo tela litawafanyia wengine likiwa limefungwa nyuma ya gari, lakini haigusi tela wala kilichomo ndani yake. Glaida iliyopinduka njiani ikirudishwa kutoka shambani inatakiwa iwe ndani ya bima ya glaida. Uliza, na upate jibu lenye neno barabarani.

Kama unaifanyia matengenezo majira yote ya baridi, omba bima ya ardhini tu kwa miezi hiyo. Huwa ni nafuu. Ila kumbuka kuibadilisha kabla ya safari ya kwanza ya machipuko.

Ukipanga kwenda Hispania, au kwenye milima ya Alpi upande wa Ufaransa, tazama orodha ya nchi, na uulize kama kuna sharti la kuruka kwanza na mwalimu wa milimani. Ukipanga mashindano au sarakasi za angani, yataje. Usidhani yamo.

Sita, jaza fomu kwa ukweli usiokunjwa

Sheria ya Uingereza ya mwaka 2012 kuhusu bima za watu binafsi inakutaka ujibu kwa uangalifu wa kutosha na usipotoshe. Ukikosea bila uzembe, unalindwa. Ukikosea kwa uzembe, malipo yanaweza kupunguzwa, au kukataliwa kabisa kama kwa jibu la kweli wasingekukatia bima. Ukidanganya kwa makusudi, mkataba unaweza kufutwa na ada usirudishiwe. Kwa hiyo ile ajali ndogo ya miaka mitatu iliyopita, ya kutua gurudumu likiwa ndani, iandike. Ugonjwa ulioutaja kwa daktari wa leseni uwe uleule unaoandikwa kwenye fomu kama fomu inauliza. Saa zako zitoke kwenye kitabu, zisitoke kwenye kumbukumbu ya kichwa. Tunza nakala ya kila ulichotuma.

Saba, sasa ndiyo linganisha ada

Ukiwa na namba zako tayari, wape madalali wawili au watatu maelezo yaleyale, neno kwa neno. Tafuta wanaojua glaida. Dalali anayekuuliza injini ina nguvu kiasi gani kabla ya kukuuliza kama una tela hatakusaidia sana.

Weka majibu yao ubavu kwa ubavu. Kwenye kila moja angalia sehemu ya hasara utakayobeba mwenyewe, na kama inabadilika kwa kutua nje ya uwanja. Angalia punguzo la kutodai, na litakavyopotea. Angalia kama bei imeshajumlisha kodi ya bima ya asilimia 12, maana nimeona watu wakifurahia bei ambayo haikuwa kamili. Angalia gharama za kuitoa glaida shambani na kuipeleka kwa fundi, na kama fundi utamchagua wewe.

Ukurasa wa mambo yasiyolipwa usome mara mbili. Uchakavu haulipwi popote. Lakini zaidi ya yote tafuta sharti la vyeti: karibu kila mkataba unataka glaida iwe na cheti halali cha kuruhusiwa kuruka. Kikiisha Jumamosi na ukaruka Jumapili, umeruka bila bima. Andika tarehe zote mbili, ya cheti na ya bima, kwenye kalenda moja.

Siku yenyewe ikifika

Hakikisha kwanza hakuna aliyeumia. Piga picha kabla hamjasogeza kitu: glaida, alama za kutua ardhini, mazao. Mkulima muombe radhi kama mtu muungwana, mpe jina lako na la kampuni ya bima, lakini usimwahidi kiasi wala kuandika kwamba kosa ni lako. Mkulima wangu wa ngano alikuwa mzee mpole aliyeniletea chai kwenye chupa. Nilitaka kumlipa papo hapo kutoka mfukoni, na simu ya mwenzangu ndiyo iliyonizuia. Baadaye alilipwa na bima, zaidi ya ambacho ningempa.

Toa taarifa kwa klabu na kwa dalali siku hiyohiyo. Usimruhusu fundi aanze kukata faiba kabla mtathmini hajaona.

Mkibishana na kampuni, peleka malalamiko kwao kwa maandishi. Wana wiki 8 kukupa jibu la mwisho. Usiporidhika, una miezi 6 tangu jibu hilo kulipeleka shauri kwa msuluhishi wa huduma za fedha, Financial Ombudsman Service, na kwa mlalamikaji ni bure.

Jambo ambalo bima ya glaida hailigusi

Ni wewe. Mkataba wote huu unazungumzia chombo na watu wengine. Haumlipi mkeo wala mumeo, na hausafirishi mwili kwenda kuzikwa Tanga au Kisumu. Bima nyingi za maisha na za safari, za huku na za nyumbani, zina sentensi inayoondoa kuruka kwa ndege isipokuwa ukiwa abiria uliyelipa nauli. Rubani wa glaida si abiria. Ninawajua watu waliochangishiwa msibani wakiwa na bima ya maisha waliyoilipia kwa miaka.

Chukua mkataba wako wa maisha leo, utafute neno ndege. Ukilikuta kwenye orodha ya yasiyolipwa, iandikie kampuni kwamba unarusha glaida kwa burudani, na uulize kama wanakubali na kwa nyongeza ya kiasi gani. Kama kuna chama cha kuzikana cha watu wa kwenu mjini hapo, muulize na mweka hazina swali hilohilo. Majibu yote mawili yaweke kwenye bahasha moja na cheti cha bima ya glaida, na mwonyeshe mtu mmoja nyumbani bahasha hiyo inakaa wapi.